Mume Atoke Kwanza

Siku yangu ya kwanza kazini nilikuta watu wamejaa hadi kwenye ngazi, nikadhani kuna msiba. Kumbe walikuwa wanauza na kununua viwanja. Kinyinya, pembeni mwa Kigali, ilikuwa inajengwa kwa fujo, na mikataba ililetwa mezani kwetu sisi manotaire, yaani wanasheria wanaoshuhudia sahihi na kuupa mkataba nguvu ya sheria. Mimi nilikulia Karagwe, Tanzania, nikarudi Kigali, msichana mwenye shahada yake na mdomo wake. Vyote viwili vilinifaa.

Mkuu wa ofisi alikuwa mtu mwema mwenye haraka. Kutwa alichungulia mlangoni kwangu, akiniita Maître, kama wanasheria wanavyoitwa kwetu. "Maître, bado? Sahihi inataka kalamu, haitaki mahubiri!"

Alinisema hasa kwa desturi yangu moja. Mume na mke waliochanganya mali lazima wakubali wote wawili kuuza. Wenzangu waliwasainisha wamekaa bega kwa bega, wakaita wengine. Mimi nilimtoa mume nje kwanza, nikaongea na mke peke yake. Ilinichelewesha, sikatai, na foleni ilinitukana kwa lugha nne.

Siku moja aliingia mtu na mkewe kutoka Kinyinya, mnunuzi wao anangoja nje. Mke alishika kalamu kabla sijamaliza kusoma mkataba.

"Mzee, utupishe kidogo," nilimwambia mume. Akatoka akisonya.

"Mama, unataka kuuza?"

Alitazama mlango. "Sitaki, Maître. Yeye anataka gari ya teksi. Nyumba iko moja tu, mimi na watoto tutarara wapi? Lakini akijua mimi ndiyo nimekataa, leo nyumbani hakuna amani."

Nilimwogopea. Nikisema mke amekataa, nimemwokoa ofisini na kumchoma nyumbani. Nikamwita mume.

"Sitii sahihi. Mkataba huu haujaniridhisha. Usimuulize mkeo, anayekataa ni mimi."

Alipiga meza, akaenda kwa mkuu. Mnunuzi naye, kusikia notaire amekataa, aliingiwa na shaka, akaenda kununua mtaa wa jirani, Kibagabaga.

"Maître, umenifukuzia mteja!" mkuu alifoka.

"Nimemfukuza, mkuu. Lawama ni zangu."

Alitazama foleni mlangoni. "Basi ita anayefuata," akasema.

Sasa nimestaafu. Ninyi manotaire vijana mnanilalamikia kwamba mafaili hayaishi na wakuu wanafoka. Hayakuwahi kuisha, wanangu, hata kwetu. Kazi hii niliijua na niliifanya vizuri, sioni haya kusema.

Juzi nilikwenda Kinyinya kumsalimia binti yangu, nikamwona mama yule barazani kwake, nyumba ni ile ile, anachambua mchicha wa dodo, mjukuu mgongoni. Hakunikumbuka.

"Mwaramutse, mama," aliniamkia kwa Kinyarwanda, kama anavyomwamkia mpita njia yeyote.

Nikaitikia, nikapita zangu, nimefurahi hadi machozi.