Mkasi wa Kalekye

Watu wa Kwa Vonza huamka wakiulizana kama mvua imenyesha ng'ambo ya mto na bei ya ndengu imefika wapi. Kalekye aliamka na maswali mengine. Kabla maji ya chai hayajachemka, alikuwa ameshapitia tovuti zake za ng'ambo, zile zinazowaandikia watu wa kazi yake, wahariri wa video: programu gani imetoka upya, muziki gani unaruhusiwa kutumiwa bure, ufundi gani umebuniwa jana na mtu aliyeketi Korea au Kanada. Jirani yake, muuza dawa za mifugo, alimtania kwamba anasoma magazeti ya nchi isiyokuwepo.

"Iko," Kalekye alimjibu. "Ni wewe huna viza."

Kazi hiyo hakuisomea popote. Alianza kwa kuwapigia chapa wanafunzi wa chuo kikuu insha zao, akaja kuazimwa kamera ya harusi, na kutoka hapo mtandao ndio uliomlea. Alipokwama, aliuliza kwenye mabaraza ya wahariri, na mtu asiyejua hata Kitui ni mji au ni ugonjwa alimjibu kwa upole kuliko mwalimu yeyote aliyewahi kumshikia kiboko. Wema ule haukumtoka moyoni. Ndiyo maana alifungua chaneli yake ya WhatsApp, Mkasi wa Kalekye. Kila alichosoma kwa Kiingereza kigumu alikieleza kwa Kiswahili cha kwetu, kwa sauti na kwa picha, bure. Wahariri wa Mutomo, wa mji wa Wote, wa Kibwezi hadi Emali wakamfuata, nao wakamwita mwalimu.

Tusifichane: jina hilo la mwalimu lilimlevya.

Somo lililopendwa kuliko yote lilikuwa la kumweka mtu mahali ambapo hakuwepo. Kuna kijana mmoja aliyekuwa Qatar baba yake alipozikwa, na tajiri wake hakumpa ruhusa. Kalekye alichukua video aliyojirekodi kijana huyo chumbani kwake, akamsimamisha kaburini katikati ya ndugu zake, suti nyeusi na kivuli chake chini. Mama mtu alipoiona alilia, akabusu skrini. Nani angesema ni vibaya? Kalekye akalitia jambo hilo kwenye chaneli, akaanza kwa kicheko chake kile: "Haya wapendwa, leo tunamleta mtu ambaye hakuja. Nauli ni juu yetu."

Kisha akafa mzee Nyamai, kule upande wa Mutomo. Mzee huyo alikuwa na wake wawili. Mkubwa alikaa boma la juu pamoja na wanawe, na Kanyiva, wa pili, alikaa shamba la chini kando ya mto wa mchanga, mahali alipochimba matuta kwa mikono yake miaka kumi na miwili mpaka pakaota maembe. Kalekye ndiye aliyeitwa kupiga picha za mazishi na kuzihariri. Aliona kila kitu kupitia kamera yake. Alimwona Kanyiva akisogea kaburini zamu yake ilipofika, akavua viatu vyake vya plastiki vya kijani, akaviacha ukingoni, akasimama peku na kutupa udongo. Alilia kwa sauti. Hakuna aliyemshika mkono.

Wiki iliyofuata, Mbithi, kifungua mimba wa boma la juu, aliingia studio akiwa amevaa miwani ya jua.

"Dada Kalekye, video ni safi," alisema. "Ni kitu moja tu. Huyo mwanamke. Mama akimwona pressure inapanda. Unaweza kumtoa?"

"Kumkata? Hiyo sehemu ni ya familia yote, itaruka."

"Si kukata. Kumtoa. Watu wabaki, yeye atoke. Ni ya kuangalia tu nyumbani, dada."

Laiti angemjia mwezi mmoja mapema, Kalekye angesema haiwezekani, na yote yangeishia hapo. Lakini asubuhi ileile alikuwa amesoma habari za programu mpya inayomfuta mtu kwenye video na kuijaza nafasi yake kama vile hajawahi kuzaliwa. Vidole vilimwasha. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Hakujiuliza kwa nini mwana atake mke wa baba yake afutwe. Alijiuliza tu kama itashika.

Ikashika. Alimtoa Kanyiva mstarini, akamtoa ukingoni mwa kaburi, akatoa na kilio chake kwenye sauti, wimbo wa kanisa ukapita mahali pale bila mkwaruzo. Viatu vya kijani ndivyo alivyosahau. Kalekye aliviona wakati Mbithi ameshaondoka na kazi yake, akacheka peke yake. Nani ataangalia viatu? Siku iliyofuata akaweka somo jipya kwenye chaneli, kwa video hiyohiyo, nyuso akiwa amezifunika kwa adabu: "Leo tunamwondoa mtu. Tena bila kuita polisi." Sifa zilimiminika. Mwalimu! Mwalimu!

Ndengu zilikuwa zimeanza kuvunwa siku Kanyiva alipoingia studio. Alisimama mlangoni, mkoba kifuani.

"Wewe ndio Kalekye wa video?"

"Ni mimi, mwaitu, mama yangu. Karibu."

"Mimi ni ule ulitoa."

Kalekye hakuhitaji kuambiwa. Uso ule alikuwa ameushindia siku mbili nzima akiufuta.

Kanyiva akaeleza. Chifu alikuwa anataka kuandika barua ya familia, ile inayotaja warithi wa marehemu kabla shamba halijaenda kortini kugawanywa. Mbithi alikuwa amempelekea video na kumwambia: tazama mwenyewe, huyu alikuwa mfanyakazi wa mzee, hata mazishini hakuja. Kanyiva aliwaendea majirani. Mmoja alisema alikuwa nyuma, hakuona vizuri. Mwingine alisema jua lilimpiga machoni. Mchungaji, ambaye kanisa lake halitambui mke wa pili, alisema wakati huo alikuwa amefumba macho akiomba. Watu waliokula ng'ombe wa Mbithi kwa siku tatu hawakuwa wameona kitu.

"Uko na ile ya kwanza?" Kanyiva aliuliza. "Ile niko ndani?"

Alikuwa nayo. Somo la kwanza kabisa alilofunza kwenye chaneli yake lilikuwa hilo: usifute rekodi ya asili, hata mteja akishalipa na kwenda. Kalekye alifunga studio siku ileile, akabeba kompyuta yake, wakaenda pamoja. Njiani alijihisi karibu kuwa mtu mwema. Alidhani anakwenda kurekebisha.

Ofisini kwa chifu walikuwapo wote, wakubwa wa ukoo, mama mkubwa, Mbithi na miwani yake. Video ya Mbithi ikachezwa, kisha ile ya asili. Kanyiva akaonekana akivua viatu, akitupa udongo, akilia. Mama mkubwa alitazama dirishani. Kwa dakika hiyo, haki ilikuwa mezani kama chakula kilichopakuliwa.

Mbithi akatoa simu yake. Hakubisha, hakupandisha sauti. Alibonyeza tu, na chumba kikajaa sauti ya Kalekye ikicheka: "Haya wapendwa, leo tunamleta mtu ambaye hakuja. Nauli ni juu yetu."

"Chifu," alisema, "huyu ndiye mwalimu wao wote. Yuko na masomo mbili. Moja ya kutoa mtu, moja ya kuweka mtu. Mimi sijui leo ametumia gani."

Chifu akamgeukia Kalekye. "Ile ya Mbithi, ni wewe ulitengeneza?"

"Ni mimi. Aliniambia nimtoe huyu mama."

"Kwa hivyo ulidanganya."

"Ndiyo."

"Na leo ndio hudanganyi?"

Kalekye alifungua mdomo. Alikuwa na maneno ya kitaalamu tele, jinsi faili inavyoonyesha tarehe yake, jinsi kivuli cha kweli kinavyolala. Aliyasema, na kadiri alivyoeleza ndivyo wazee walivyozidi kumtazama kama mganga anayesifu dawa zake.

"Viatu!" Kanyiva akasema ghafla. "Asi! Angalieni hiyo ya Mbithi, viatu vyangu viko hapo kando ya kaburi. Na ni hivi!" Akanyoosha mguu wake, kiatu cha kijani kikiwa kimepasuka kisiginoni.

Wote wakatazama skrini, kisha mguu. Mbithi akacheka kidogo, akaonyesha benchi la nyuma walikoketi wanawake. Watatu kati yao walikuwa wamevaa viatu vilevile vya plastiki, vya kijani vilevile, kutoka soko lilelile.

Barua iliandikwa bila jina la Kanyiva. Chifu alisema kama ana neno zaidi kuna korti Kitui, atafute wakili, kana kwamba mawakili huota kando ya mto wa mchanga.

Nje, Kalekye alisubiri kutukanwa. Ingekuwa afadhali. Kanyiva alisema tu, "Nipatie hiyo niko ndani. Nikae nayo. Wakiniambia sana kwamba sikuwa, nitaanza kuamini." Kalekye akampa kwenye flashi, akijua fika kwamba kule shamba la chini hakuna mashine ya kuichezea.

Jioni hiyo aliyafuta masomo yote mawili. Kazi bure. Yalikuwa yameshasambazwa kutoka simu hadi simu, kila mahali sauti yake inacheka. Alipofungua kundi la wanafunzi wake alikuta kisa cha ofisi ya chifu kimeshafika, na chini yake swali kutoka kwa mhariri mmoja wa Wote: "Mwalimu, ile ya kuondoa mtu, inaweza kuondoa pia viatu?"

Kalekye hakuwahi kuacha swali la mwanafunzi bila jibu. Alishika simu, akatafuta neno. Kiema wa Kibwezi, mwanafunzi wake bora kuliko wote, akamtangulia.

"Rahisi sana," aliandika. "Anza na viatu, ndio watu husahau. Halafu mtu."

Wakamwitikia kwa vidole gumba, na Kiema akaongeza, kwa heshima zake zote: "Asante kwa mwalimu wetu."