Upande wa Chini

Msichana aliyekaa dirishani mwa ndege alikataa tubadilishane viti, nikamwambia basi ajiandae, kwa sababu mimi nikipanda kitu chochote kinachotikisika hutapika. Alinyanyuka haraka. Nilikuwa nimedanganya. Miaka mingi nimepanda malori ya Bwera kwenda Kasese, kwetu Uganda, nimekaa juu ya marobota ya mitumba, na sijatapika hata siku moja. Lakini kile kiti nilikitaka, na sikuwa na hali ya kumbembeleza mtu.

Tulikuwa wanawake kama ishirini, wote tunapelekwa Uarabuni kufanya kazi za ndani. Wenzangu walikuwa wanapigana picha na kuonjeshana juisi. Mimi sikufuata kazi. Nilikwenda kumtafuta mdogo wangu, na nilichokuwa nacho cha kumtafutia ni sauti yake ya dakika moja na nusu kwenye simu.

Tumezaliwa wawili tu. Mimi nilipelekwa Bwera kwa shangazi nikiwa na miaka sita, nisome na nimsaidie kuuza, na huko ndiko nilikokulia. Yeye alibaki Mahango na baba, mlimani juu ya Kasese, akilima na kuchuma kahawa. Tulikuwa tunaonana Krismasi na kwenye misiba. Hata hivyo alikuwa wangu, na alipoamua kwenda Uarabuni ni mimi niliyempeleka mjini kupiga picha ya pasipoti. Nilimpaka na poda.

Miezi ya kwanza alipiga simu kila Ijumaa. Halafu tajiri wake akamnyang'anya simu, kimya kikaingia. Nilikwenda kwa wakala aliyempeleka nikakuta kufuli mlangoni, na muuza vocha wa jirani akaniambia walihama usiku mmoja, hajui walikohamia. Niligonga lile kufuli kwa jiwe mpaka watu wakanishika. Ya nini, sijui, ndani hamkuwa na kitu.

Kisha siku moja, niko soko la mpakani napanga masweta mezani, ikaingia sauti kutoka namba nisiyoijua. Mdogo wangu alikuwa ameazima simu kwa mfanyakazi wa nyumba ya jirani, Mkenya mmoja, juu ya paa wanakoanika nguo. Yule Mkenya alitaka asikie kila kinachosemwa kwenye simu yake, ndiyo maana mdogo wangu hakutumia Kikonzo, lugha ya kwetu. Alisema kwa Kiswahili chetu hiki cha kuokoteza.

"Dada, nilianguka kwa ngazi. Mguu imevimba mpaka kwa goti, sasa inanuka, na huyu mama anasema itapona nikifanya kazi. Nyumba sijui ni namba gani. Nikipanda juu kuanika nguo naona ile park ya kuchezea. Iko na mlima ya uongo, wameipaka rangi nyeupe kama barafu, na gurudumu kubwa inazungusha watu. Iko karibu, nasikia wanapiga kelele. Sisi tuko upande wa chini. Dada, ukuje haraka."

Nilijibu papo hapo, ujumbe haukufika. Yule Mkenya aliogopa akaifungia namba yangu, na simlaumu sana, kila mtu ana ugali wake wa kulinda. Usiku ule sikulala. Nilisikiliza ile sauti mpaka nikaanza kusikia na kuku waliokuwa wanalia nyuma yake.

Mji tuliujua jina. Nilipewa namba ya mwanamke wa Kiganda aliyekaa huko miaka mingi na anayewasaidia wasichana waliokwama. Tulimwita Nnalongo kwa sababu ana mapacha. Alisema ile park anaijua, kila mtu anaijua. Ina mitaa pande zake mbili, nyumba zote rangi ya mchanga, na kila upande una kituo chake cha polisi ambacho hakigusi upande wa mwenzake. Akaniuliza ni upande gani. Nikasema upande wa chini. Akasema huku ni jangwa, dada yangu, hakuna juu wala chini.

Nikamwambia nitakuja nione mwenyewe. Niliacha meza yangu kwa jirani yangu wa sokoni, mama wa Kikongo kutoka Butembo, nikajiandikisha kwa wakala mwingine na kung'ang'ania mji ule ule. Karatasi na vipimo vya damu vikala wiki tatu. Nnalongo ndiye aliyeniambia ndege zinazotua asubuhi hupita karibu na ile park, nikae dirishani, mkono wa kushoto.

Basi nilikaa. Ndege ilipoinama nikabandika uso kwenye kioo. Mwanzo niliona mchanga na barabara, barabara na mchanga. Halafu nikaliona gurudumu, jembamba, limesimama peke yake kama tairi la baiskeli lililoegeshwa. Kando yake ule mlima wao, wa saruji, kilele kimepakwa nyeupe. Nilikasirika. Sisi tuliozaliwa chini ya mlima wenye barafu ya kweli tulikuwa tumekuja kutafutana kwa barafu ya rangi.

Nilitafuta ardhi inapoteremkia. Haiteremki popote. Nnalongo alisema kweli, nchi yote ni bapa kama chapati, na nyumba za upande huu na za upande ule zimefanana kabisa, matangi ya maji juu, kamba za nguo juu. Nilikuwa na dakika mbili hivi kabla ndege haijapita. Nikajiuliza, mtoto wa kwetu akisema chini ana maana gani?

Jibu lilikuja mara moja. Kwetu Bwera chini ni mtoni. Mto uko upande jua linakozama, ukiuvuka uko Kongo. Tunasema hivyo hata ndani ya nyumba. Mwambie mtu asogee chini kidogo kwenye benchi, atasogea upande wa mto bila kufikiri, hata kama madirisha yamefungwa. Nikaangalia jua lilikotokea, nikageukia upande wa pili, nikauona mtaa wa magharibi ya park. Nikatoa ule mfuko wa karatasi wa kutapikia nikachora: gurudumu, mlima, barabara, msikiti wenye kuba ya kijani, na duara kuzunguka nyumba zote nilizodhani kutoka juu ya paa lake mtu anaweza kusikia kelele. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilijiona mjanja kuliko wote waliokuwa kwenye ile ndege.

Nilipofika nyumba niliyopangiwa, nilimtumia Nnalongo picha ya ule mfuko kabla hata sijaonyeshwa pa kulala. Alisema ni kazi nzuri. Alikwenda kituo cha polisi cha upande ule, wakaandika. Ijumaa yeye na wenzake wawili wakapita mtaa ule nyumba kwa nyumba, wakiwauliza wafanyakazi waliokuwa wanatoa takataka. Ijumaa ya pili wakarudia tena. Siku za katikati Nnalongo alipita peke yake akitoka kazini. Hakuna aliyemjua msichana wa Uganda mwenye mguu mbaya. Polisi wakaanza kusema labda ametoroka, kama wenzake wengi. Mimi nikamwambia Nnalongo watafute vizuri, huenda wanaruka nyumba. Ndiyo, nilimwambia hivyo mtu aliyekuwa anatembea kwenye jua lile kwa ajili yangu.

Siku ya kumi na tano nilimpigia baba. Nilikuwa nimejifungia stoo, natumia simu kwa kujificha. Sikumpigia kwa sababu ya maana, nilitaka tu kusikia mtu wa nyumbani. Alilalamika kuhusu kahawa. Alisema ameianika siku ya nne sasa na haikauki, maana kila asubuhi jua likichomoza kule chini linakuta mawingu yameshatangulia.

Nikamuuliza jua linachomoza wapi.

"Chini," baba akasema. "Lichomoze wapi tena?"

Nikakaa juu ya gunia la mchele. Mahango iko upande wa pili wa safu ile ya milima. Ukisimama kwenye uwanja wa baba, mlima uko mgongoni, jua linazama huko juu, na chini ni bondeni, Kasese, na ziwa kwa mbali. Chini yao ndiko jua linakotoka. Mdogo wangu alikuwa anaanika nguo kila asubuhi, akiliona jua linachomoza upande wake wa park, na akaniambia kile ambacho mtu yeyote wa Mahango angekielewa. Mimi nilikuwa nimezaliwa Mahango. Nilikuwa nimesahau.

Nilimpigia Nnalongo saa ile ile. Hakuuliza maswali. Kesho yake alikwenda kituo cha upande wa mashariki, akapewa askari mmoja, na kabla ya adhuhuri walikuwa mlangoni. Mfanyakazi wa kwanza waliyemuuliza aliinua tu kidole. Walimkuta kwenye chumba cha kufulia, amelala juu ya mkeka nyuma ya mashine, ana homa, hajui ni siku gani.

Walimkata mguu juu ya goti. Daktari alimweleza Nnalongo, na Nnalongo, ambaye mdomo wake hauna breki kama wangu, akanieleza mimi yote kwa simu ya video. Kwamba usaha uliingia mfupani siku hizi za karibuni, wiki moja, labda siku kumi. Kwamba kabla ya hapo wangeusafisha, na mguu ungebaki. Alipomaliza aliona uso wangu, akasema si kosa lako, na nikajua kwamba ameshapiga hesabu yake.

Tulirudi pamoja baada ya miezi mitatu, tajiri wangu alipokubali kuniachia. Kwenye ndege nilimpa kiti cha pembeni, apate pa kunyoosha kipande cha mguu kilichobaki, na mimi nikateremsha pazia la dirisha kabla hatujaruka. Hakuomba nilifungue.

Nilimweka kwangu Bwera. Watu walikuja kumpa pole, wakaja na ndizi, na sabuni, na maombi. Yule mama wa Butembo aliyenishikia meza alikuja na wenzake wa kanisani, wakasali rozari nzima uani. Alipomaliza alimshika mdogo wangu mikono yote miwili akasema, "Huyu mutu alikufanyia hivi, Mungu anamuona. Hata akijificha, iko anamuona." Wote wakasema amina. Mimi nilikuwa nimebeba birika la chai, nikaliweka chini, nikaenda chooni nikakaa huko mpaka walipoondoka.

Siwezi kukaa na kitu kifuani. Si wema, ni tabia tu, hata sokoni nikimpunja mteja humwambia kesho yake. Siku ile nilivumilia mpaka jioni. Mdogo wangu alikuwa amekaa mkekani nje ya mlango, magongo kando, anachambua maharage kwenye ungo. Nikakaa karibu yake nikamwambia. Nilimwambia kuhusu dirisha, na mfuko wa karatasi, na mto wa Bwera, na Nnalongo kuzunguka mtaa ambao yeye hakuwemo. Nilimwambia alichosema daktari. Nililia, yeye hakulia.

Aliendelea kutoa vijiwe kwenye maharage. Akaniuliza zilikuwa siku ngapi. Nikasema kumi na tano. Alitingisha ungo, akapuliza makapi, akauweka mapajani tena.

"Mtu wa kumchukia ninaye mmoja," akasema. "Usiniongezee wa pili."

Alimaliza ungo mzima, akaomba nimpe sufuria. Wiki iliyofuata alimpigia baba amwambie aje kumchukua. Nilimkumbusha kwamba kwa baba pikipiki haifiki, kutoka barabarani ni saa nzima ya kupanda kwa mtu mwenye miguu miwili, na hapa kwangu gari linafika mlangoni. Alisema atapanda.