Nyuzi Tisa Chini ya Sifuri

Mwalimu Zdravka Peneva amefundisha fizikia miaka ishirini na sita katika mji uleule chini ya milima ya Balkan, na kitu kimoja hajawahi kukizoea: somo la maonyesho. Mkaguzi anatarajiwa, watoto wanakaririshwa majibu wiki nzima, siku ikifika kila mtu anajifanya ndiyo kwanza anayasikia maswali.

Novemba ile zamu ilimwangukia yeye. Ripoti ya mkaguzi ndiyo ingeamua kama atabaki na vipindi vyake vyote. Alfajiri akaenda sokoni, akabishana na muuza samaki hadi akapata ndoo ya barafu, akanunua na chumvi ya mawe, ile ya kusindikia kabichi. Saa mbili kamili vitu vilikuwa mezani. Mkaguzi, Bwana Rachkov, alikuwa ofisini kwa mwalimu mkuu, Bi Totka, anakula banitsa, andazi la matabaka lenye jibini, na kuliteremsha kwa kahawa. Dakika arobaini! Barafu haimngoji mtu ashibe. Ndoo ikajaa maji.

Walipoingia, Zdravka alimwaga chumvi juu ya barafu iliyobaki, ili izidi kupoa, akakoroga, akamwita Iglika, msichana wa miaka kumi na mitatu, asome kipimajoto.

"Hasi tisa, mwalimu."

Bi Totka aliruka kitini. "Hasi ishirini na moja, kama kitabuni! Tumerudia mara ngapi, we mtoto?"

"Lakini hapa ni tisa, Bi Mkuu. Njoo uone."

"Mdomo huo! Kaa chini, umefeli. Haya, darasa?"

"Hasi ishirini na mojaaa!" wakaitikia wote, kasuku watupu.

Damu ilimchemka Zdravka. Miaka yote hiyo alinyamaza, na kunyamaza kwenyewe hakukumnunulia kitu.

"Sikiliza, Totka," alisema, lile neno "Bi" ameliacha mlangoni. "Mtoto ana macho. Barafu imelowa kwa sababu nyinyi mlikuwa mnakula. Unaweza kukaririsha watoto, barafu huiwezi."

Nyuma mtu alicheka, akakimbilia kukohoa.

Rachkov alipangusa makombo kwenye tai. "Mwalimu Peneva, tuseme kipimajoto kibovu, yaishe."

"Kipimajoto kizima. Unataka saini yangu kwenye ripoti?"

"Lazima uweke."

"Basi tupatane. Andika hasi tisa, na andika Iglika kasoma sawasawa. Ukishaandika hayo, nipakazie lolote utakalo, nitasaini. Usipoandika, urudi ofisini kwako na karatasi tupu ukamweleze mkubwa wako."

Rachkov alimtazama Bi Totka, akatazama saa yake. Akaandika. Chini yake akaongeza kwamba somo halikuandaliwa vizuri na mwalimu hana adabu. Zdravka alisoma kila neno, akasaini.

Majira ya kuchipua yalipofika, vipindi vyake vilikatwa nusu. Bi Totka alimwita, akamwambia akiomba radhi vitarudi.

"Kwa kosa gani?" aliuliza Zdravka. "La kujua kusoma?"

Akatoka bila kufunga mlango. Katika daftari la alama alikuwa ameshamwandikia Iglika sita, alama ya juu kabisa, kwa wino.