Jibu la Kwanza

Wiki iliyopita nilipita nyuma ya shule yetu ya zamani, nikakuta ule uwanja wa mawe ya volkano umejaa nyumba za mbao. Mabati mapya, kamba za nguo, mama mmoja ameketi mlangoni anachambua maharagi. Nilisimama pale muda mrefu kuliko inavyofaa, mpaka yule mama akaniuliza kama natafuta mutu. Nikasema hapana. Ningemwambia nini? Kwamba pale alipoweka mbabula, jiko lake la makaa, ndipo nilipojifunza kemia?

Wewe uliyesoma Goma unaelewa. Ukifika mwaka wa sita, ukiitwa finaliste, hujifunzi tena umekaa. Unatembea. Daftari mkononi, unakariri kwa sauti, unaenda na kurudi, unaenda na kurudi, na watu wanasema unabloke. Ule uwanja ulitufaa kwa sababu hakuna aliyeweza kulima pale. Kila mmoja wetu alikuwa na njia yake, na baada ya miezi michache kokoto zilikuwa zimesagika kwa nyayo zetu. Hata watoto waliotoka kuchota maji walizunguka na bidoni zao ili wasitukatize njia.

Njia iliyopakana na yangu ilikuwa ya binti wa jirani yetu. Tulikuwa darasa moja, biolojia na kemia, na tulikuwa tumekua pamoja, ua na ua. Mimi nilikuwa nasoma swali moja mara nne. Nikifika kwenye majibu, kila jibu lilikuwa na haki yake, kila moja liliniomba nilifikirie vizuri. Yeye alikuwa anajibu kabla sijamaliza kumsomea swali. "B," anasema, na tayari amegeuka kurudi upande wa pili. Na ilikuwa B. Akiniona nimesimama katikati ya mawe, midomo inacheza, ananicheka: "Muzee, unawaza nini tena? Siku watakuuliza jina lako, utaomba kwanza karatasi ya brouillon ya kujaribia."

Nyumbani, mwezi ule wa mwisho ulikuwa mtamu na wa kutisha. Koko, mama yake mama yangu, aliacha kunituma. Wadogo zangu walichota maji kwa zamu yangu. Asubuhi nilipewa uji wa mtama na yai, na yai lilikuwa langu peke yangu. Wote walinitazama nikilimenya. Nilikuwa nalimeza kama dawa, nikihesabu vichwa: hawa wote, nikianguka, wataniona namna gani? Koko alikuwa anasema Mungu haangushi mutoto aliyelala na daftari kifuani. Nilianza kulala nalo kifuani, nisije nikawa mimi niliyempa Mungu sababu.

Jumapili iliyotangulia mtihani wa Serikali tulipeleka kalamu zetu za bic kanisani zikabarikiwe. Alasiri tukarudi kwenye mawe kwa mara ya mwisho. Binti wa jirani alikuwa anapiga mluzi. Alisema amechoka kubloke, maswali yenyewe ni yale yale. Hapo ndipo niliposema neno ambalo nimelibeba mpaka leo.

Nilimwambia, "Uangalie. Ile jibu inayokuja mbio, ndiyo wanaiweka kwa kunasa watu. Urudilie kila moja."

Akasimama. "Nani alisema?"

"Mwalimu," nikasema. "Mwalimu wa kemia."

Mwalimu hakuwahi kusema hivyo. Ulikuwa woga wangu, nikauvalisha koti la mwalimu ili usichekwe. Nimejiuliza mara nyingi kama nilitaka kumlinda au nilitaka, kwa siku nne tu za mtihani, awe kama mimi. Sijui. Nikijibu moja, lile lingine linainuka.

Siku ya kemia tulitoka pamoja getini. Nje mama wengi walikuwa wanangoja, wengine na mandazi ndani ya ndoo, wengine na rozari. Mimi nilikuwa nimejaza karatasi yangu kwa haraka, muda ulikuwa umeniishia, majibu ya mwisho niliyaweka bila hata kuyafikiria. Tulipofika barabarani, chukudu, zile baiskeli za mbao, zikishuka na viazi kutoka Kibumba, ndipo yeye aliposema: "Nilikuwa nimemaliza mapema. Nikarudilia yote, nikabadilisha. Vile mwalimu alisema."

Akanitajia majibu yake ya kwanza, moja moja. Nikayalinganisha na yale wenzetu waliyokuwa wanatajiana getini. Mengi ya yale aliyoyafuta yalikuwa sahihi.

Matokeo yalikuja kwa simu. Wangu ulikuwa ujumbe mfupi, na kabla sijausoma mara ya tatu mama alikuwa amenimwagia poda kichwani, kama wanavyomwagiwa waliofaulu, nyeupe, machoni, mdomoni. Mtaa mzima ulikuwa mweupe. Kwa jirani mlango ulikuwa umefungwa. Baadaye ukafunguliwa, akatoka mama yake na kopo jipya la poda, lile alilokuwa amemnunulia binti yake. Akakata kifuniko kwa kisu, akanimwagia lote polepole mabegani. "Hongera, mutoto wangu," akasema. "Isiharibike."

Miezi ikapita. Nilimkuta yule binti sokoni kando ya mama yake, akiuza sambaza, dagaa wa ziwani, zimepangwa mafungu mafungu juu ya kiroba. Akaniongezea fungu. Kisha akaniuliza, bila kunitazama:

"Muzee, unaona nijiandikishe tena? Ama mwalimu alikuwa na haki, kichwa yangu ni ya mbio tu?"

Nilifungua mdomo. Nikawaza: nikimwambia sasa, atanichukia. Nikimwambia arudie na aanguke tena, nitakuwa nimemwangusha mara mbili. Nikawaza labda nianze na kumwomba msamaha, au nianze na mwalimu, au ningoje mama yake aondoke pale karibu. Mteja akaja, akauliza kama samaki ni wa leo.

"Tutaongea," nikasema.

Mwaka uliofuata nilianza chuo. Yeye hakujiandikisha. Aliolewa upande wa Vitshumbi, na mama yake akahama mtaa. Sasa nina diploma ndani ya bahasha, na hakuna ofisi iliyonifungulia mlango. Watu wanadhani hilo ndilo linalonikondesha. Uwanja ule ulikuwa mawe tu, watu wajenge, walale. Kilichokwisha ni yule msichana aliyekuwa anajibu kabla swali halijaisha. Nilikuwa karibu naye kuliko wote, na mimi ndiye niliyemfundisha kusita. Huko aliko, akiulizwa na mtoto wake kwa nini hakuendelea na masomo, bado atamtaja mwalimu.