Jirani Anayeimba Bafuni

Wenzangu wa kikundi hiki cha mtandaoni, nichekeni tu, haya niliyatafuta mwenyewe.

Mnanijua kama Bwana Kachumbari, kwa sababu humu hakuna anayetumia jina lake halisi. Jumamosi niliingia saiba ya hapa Kariobangi, nikaketi kwenye kompyuta na kuwaandikia kile kisa cha jirani yangu, Mama Mwende. Nilimbandika jina la Mama Zaburi ili asitambulike. Nikasema wapangaji wote wa ploti yetu tuna bafu moja, na yeye akishaingia hatoki mpaka amalize nyimbo zote za kwaya, huku sisi tumesimama nje na ndoo, maji ya moto yakipoa. Nikawatumia, nikajipongeza kimoyomoyo.

Punde, mtu wa kompyuta ya pembeni akaangua kicheko. Kugeuka, ni Mama Mwende! Sikujua hata kama anagusa kompyuta.

"Baba Wekesa, sogea ucheke na mimi," akaniita. "Kuna huyu Bwana Kachumbari, huwa ananivunja mbavu."

Akaanza kusoma kwa sauti, saiba nzima ikatega sikio. Nikajifanya nacheka pia. Alipofika kwenye ndoo, kicheko kikakatika. Akainama akatazama skrini yangu, ambapo jina la Bwana Kachumbari lilikuwa limekaa juu kabisa.

Akavua miwani polepole.

"Kumbe ni wewe? Basi mbona hukuwaambia kwamba nikiimba, wewe na ndoo yako huwa mnaniitikia sauti ya pili?"