Vigingi Vilivyochoma Vyungu vya Biasha

Kwetu Ruangwa mpaka leo mwanamke akiwa mbishi huambiwa ana kichwa cha Biasha. Biasha binti Lukumani alikuwa shangazi yangu, tumbo moja na baba. Mbishi alikuwa, sikatai. Lakini wengi wa wanaomsema wamelelewa kwa vyungu vya udongo wa shimo ambalo, bila ubishi wake, lingekuwa mali ya watu wengine kabisa. Hilo ndilo linalonipandisha hasira, na ndiyo maana naandika.

Alikuwa mfinyanzi. Vyungu vya upande wetu vilijulikana sokoni Nachingwea na hata Lionja kwa weusi wake unaong'aa, na weusi huo hautokani na moshi. Chungu kikishakauka nusu, kabla hakijachomwa, hupakwa unga wa jiwe jeusi lililo laini, linaloteleza vidoleni na kuacha alama kama ya penseli. Kisha husuguliwa kwa kokoto ya mtoni mpaka kinameremeta. Jiwe hilo lilipatikana mahali pamoja tu, kwenye korongo nyuma ya vilima, na shimo lake lilikuwa na mwiko: mwanamume hatii mguu pale. Akitia mguu, shimo linalazwa. Hakuna kuchimba mpaka mvua za mwaka zinyeshe ziishe, zilioshe. Anayechimba kabla ya hapo vyungu vyake vinapasuka, na anayekula humo tumbo linamvimba.

Ilikuwa mwaka wa hamsini, Nachingwea imejaa matrekta ya mradi wa Waingereza wa kulima karanga na wageni wa kila namna. Mume wa shangazi, Ausi, alikuwa akifyeka pori huko kwenye mashamba. Akasikia kambini kwamba kuna Mzungu wa kampuni moja anazunguka kutafuta makaa ya mawe, na atakayemwonyesha atapewa baiskeli. Ausi hakuwahi kuyaona makaa ya mawe maishani mwake. Alichowahi kuona ni viganja vya mkewe, vyeusi tangu siku alipomwoa. Kwake yeye, kitu cheusi kinachotoka ardhini na kuchafua mikono kingekuwa nini kama si makaa? Tayari alikuwa anasikia kengele ya baiskeli masikioni.

Shangazi alikuwa ndani ya shimo mpaka mabegani alipoona viatu. Kando ya viatu akaona miguu anayoijua.

"Baba Zaitun," alimwambia mumewe, "umepotea njia?"

Wanawake wengine walikuwa wameshatupa vikapu na kukimbia. Mzungu, ambaye watu walimwita Bwana Mawe, aliokota kipande, akachora nacho kwenye karatasi, akakisugua kwa kidole gumba, akacheka. Alikuwa na msaidizi wake, kijana wa Masasi aitwaye Kornel, aliyejifunza kazi ya mawe na ndiye aliyemtafsiria maneno. Kornel akamgeukia Ausi.

"Mzee, haya si makaa. Weka kwenye moto uone, hayashiki."

"Lakini ni meusi!" Ausi alisema, karibu kulia.

Kornel alikuwa mtu wa adabu, akachuchumaa kumwelewesha. Alisema zamani sana, kabla hata miti haijakuwapo, mahali hapa palikuwa chini ya maji, na chini ya maji palikuwa na tope jeusi lililojaa mabaki ya viumbe vidogo vidogo. Tope likafukiwa na tope jingine, likabanwa, likawa mwamba. Lingeishia hapo, mwamba ungetoa mafuta ukiuchoma. Makaa ya mawe nayo ni ndugu yake, ila yametokana na miti na majani ya bwawani. Lakini mwamba huu haukuishia hapo. Ulizidi kuzama, joto la ardhi likaupika, na kila kinachoweza kuwaka kikatoka. Kikabaki hiki kinachong'aa, ambacho hakina tena cha kutoa. Siku hizi wanakiita kinywe.

Shangazi alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa akimsifu Kornel hata uzeeni, kwamba alieleza vizuri.

"Basi kama si makaa, mwanangu, nendeni."

"Bwana anasema ni bora kuliko makaa, mama. Penseli zinatengenezwa kwa hiki. Na vyungu vya kuyeyushia chuma."

"Mwambie vyungu tayari vinatengenezwa hapa. Amechelewa."

Kornel alitafsiri, Bwana Mawe akacheka tena, kisha akatoa amri na vigingi vikaanza kugongwa. Vilikuwa vya mti mgumu, vimepakwa rangi nyeupe na kuandikwa namba, vikalizunguka korongo lote. Kornel alieleza bila kumtazama machoni: Bwana ameona hapa ni pori lisilo na mtumiaji. Atarudi baada ya mvua. Akikuta bado ni pori tupu, kampuni italichukua kwa sheria.

Jioni ile wanawake walikutana kwa Bibi Mwanawetu, mkubwa wa wafinyanzi, aliyewafundisha wote, na shangazi akiwemo. Bibi hakuwa na maneno mengi. Wanaume wameingia, shimo limelala, litaamka baada ya mvua.

"Bibi yangu," shangazi alisema, "yule naye anarudi baada ya mvua. Anataka akute hakuna anayechimba. Tukililaza shimo, sisi wenyewe ndio tunampa."

"Mwiko ni mwiko, Biasha."

"Mwiko wa kulinda shimo, au wa kuligawa?"

Hapo ndipo alipowakosea, na ndipo ninapompendea. Wenzake walishika midomo. Bibi Mwanawetu alimwambia aondoke, na akitia jembe kwenye shimo lililolala asikanyage tena ua wake, wala asikae na wafinyanzi, mpaka aoshwe na kukiri mbele ya wote kwamba amekosa. Shangazi aliondoka. Alimpenda yule bibi kuliko mama yake mzazi, na alijua fika kwamba hatanii.

Asubuhi, jua limepanda na watu wote wako mashambani wanamwona, alipita njia kuu na jembe begani. Akachimba peke yake. Alichimba siku hiyo na zilizofuata, akafinyanga, akapaka, akasugua. Siku ya kuchoma vyungu ilipofika, kuni zilikuwa chache, kwa sababu Ausi, aliyekuwa akimkatia, alikuwa amejificha kwa dada yake kule Marambo kwa aibu. Shangazi akaenda korongoni, akavitikisa vigingi kimoja kimoja mpaka vikang'oka, akavibeba kichwani mpaka nyumbani. Vilikuwa vikavu, vilishika moto vizuri. Alisema rangi ile nyeupe ilitoa moshi unaonuka, lakini vyungu vilitoka vyeusi tii, vinang'aa.

Viwili vilipasuka. Habari ilifika mto wa pili kabla majivu hayajapoa.

"Hata vya Bibi hupasuka," shangazi aliwaambia waliokuja kuchungulia. "Tofauti ni kwamba vyake hamji kuvihesabu."

Sokoni hakuna aliyegusa vyungu vyake. Basi akawasha mafiga palepale sokoni, akapika kunde kwenye chungu kipya, akaagiza Ausi aitwe kutoka Marambo. Yule maskini alikuja, akakaa mbele ya watu wote akala, jasho linamtiririka, kila tonge anashika tumbo. Halikuvimba. Hata hivyo chungu hakikununuliwa hata kimoja.

Kisha tarishi akaja kumwita barazani. Jumbe, mzee Shehe Abdalah, alikuwa na taarifa ya kampuni kwamba vigingi vimeibwa.

"Viko wapi, Biasha?"

"Nimechomea vyungu, Jumbe."

Watu walicheka mpaka Jumbe akagonga meza. Akauliza kwa nini. Shangazi akasema vimewekwa kwa uongo, kwamba pale hapana mtu, na yeye ni mtu. Akapanua viganja vyake. Akasema anayetaka kuhakikisha aende korongoni akaone udongo mbichi, na anayetaka kumfunga amfunge, ila aandike kwanza kwamba amemfunga mchimbaji wa shimo lile.

Jumbe alituma watu wakaangalie. Walikuta udongo mbichi. Kwa kuharibu mali, shangazi alihukumiwa kufyeka nyasi kwenye barabara ya Nachingwea, na alifyeka, huku akiwasalimia wapita njia kama mgeni rasmi. Lakini kwenye taarifa ya baraza iliyopelekwa bomani, Jumbe alisema shimo lina watumiaji, na vigingi visirudishwe mpaka shauri lisikilizwe. Halikusikilizwa. Karanga za Nachingwea zilishindikana, wageni wakafunga mizigo, Bwana Mawe akaondoka nao. Baiskeli ya Ausi sijui iliishia wapi.

Mvua zikanyesha, zikaisha. Shimo likaamka, kwa hesabu ya Bibi Mwanawetu, na wanawake wakarudi na vikapu vyao kana kwamba limewangoja lenyewe. Walimkuta shangazi ndani. Waliingia upande wa pili, wakachimba wakimpa mgongo. Hivyo ndivyo walivyoishi, mwaka baada ya mwaka: shimo moja, jiwe moja, na yeye upande wake peke yake. Sokoni aliuza kwa watu wa mbali, wa Kilimarondo, wasiojua habari. Harusini alikula na wazee wanaume, kwa sababu wafinyanzi hawakumpisha mkekani. Iliuma. Aliniambia mwenyewe iliuma, na mimi bado nawanunia watoto wa wale wanawake nikikutana nao.

Bibi Mwanawetu alipougua ugonjwa wake wa mwisho alituma aitwe. Shangazi alikimbia njia nzima, na ua ule hakuwa ameukanyaga tangu siku ile. Wafinyanzi wote walikuwapo, maji ya kuoshea yameandaliwa na unga mweupe umewekwa kwenye ungo. Bibi alimshika mkono.

"Mwanangu, nataka nikuache ndani, si nje. Sema neno moja tu. Sema umekosa, tukuoshe, yaishe."

Shangazi alilia. Hakuficha, alilia mbele yao, akaubusu ule mkono mweusi wa mwalimu wake. Alipoweza kusema, aligeuka akawatazama wote, mmoja baada ya mwingine.

"Nitasema nimekosa," alisema, "siku mtakapolifukia lile shimo. Majembe mnayo."

Bibi alifumba macho. Watu wanasema alitabasamu. Mimi sikuwapo, siwezi kuapa. Ninachojua ni kwamba kesho yake asubuhi walikwenda wote korongoni na majembe, na walikwenda kuchimba.