Jembe la Emile

Bagira nzima, mtaa wetu wa Bukavu, ilijua kwamba Maman Bibiane haombi msaada wa mtu. Sokoni Kadutu, alikouza unga wa muhogo, wateja waliuogopa ulimi wake na bado walirudi kwake, kwa sababu kipimo chake hakikuwa na hila. Mume alimfia mapema, akamwachia mtoto mmoja wa kiume, Emile, na kishamba mteremkoni, nyuma ya nyumba za mwisho.

Emile alikua akawa msaidizi wa dereva kwenye lori lililoleta mchele kutoka Sange. Siku lori lilipopumzika, alishika jembe akalima kwa mama yake, akipiga mluzi mchana kutwa hadi majirani wakachoka naye. Dereva wake, Venant, alikuwa jirani wa mtaa wa pili. Mara ngapi vijana hao wawili walikula sahani moja kwa Bibiane, na yeye akiwagombeza kwa kula kama jeshi!

Kisha siku moja Venant alikunywa kasiksi, ile pombe ya ndizi, kabla ya kuipanda milima ya Ngomo. Lori likapinduka. Venant alitoka na mkono uliovunjika. Emile, aliyekuwa ameketi juu ya magunia, alitolewa maiti. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi sitajaribu kuusimulia. Baada ya maziko Bibiane alitundika jembe la Emile ukutani, na shamba akaliacha life.

Venant alihukumiwa, akaingia gereza la Bukavu. Lakini hakumaliza kifungo. Alitolewa mapema kwa masharti: kila Jumatatu ajionyeshe kwenye ofisi ya zone, ile ya serikali ya mtaa, asitoke mjini bila ruhusa, asishike usukani, na asisogelee familia ya marehemu, wala nyumba yao, wala shamba lao. Akivunja sharti moja, anarudi ndani kumalizia miaka yote iliyobaki. Aliyemdhamini ni Maman Godelive, mkubwa wa shirika, yaani kundi la majirani Wakatoliki wanaosali pamoja nyumba kwa nyumba. Bibiane alikuwa wa shirika hilohilo. Alipopata habari hakutukana, na hilo liliwatisha watu zaidi. Aliacha tu kumpa Godelive mkono wakati wa kutakiana amani.

Msimu wa mvua ulipoanza, Bibiane alirudi siku moja kutoka sokoni akakuta magugu yameng'olewa shambani. Baadaye akakuta maharage yamepandwa, mistari imenyooka vizuri. Alifikiri ni shirika. Hilo ndilo kosa lake, nalo ni kosa la mtu mwema, maana huku kwetu shirika humlimia mjane bila kupiga tarumbeta. Kwenye sala iliyofuata, mwanamke huyo asiyeshukuru mtu akasimama.

"Bandugu, naona mulinilimia," alisema. "Mungu abariki mikono yenu."

Watu wakatazamana. Godelive, aliyejua ni mikono ya nani, aliinamia rozari yake akajibu, "Amina."

Maharage yakakomaa. Bibiane alichuma, akapika, akala. Mengine alimtumia dada yake Colette kule Kavumu, na kwa mara ya kwanza tangu maziko alisikika akicheka na jirani kwenye uzio.

Msimu wa pili, asubuhi moja, soko la Kadutu lilifungwa ghafla. Mgeni mkubwa alikuwa anatua kutoka Kinshasa, na wauzaji wote waliamriwa wakajipange barabarani kumpigia makofi na kumchezea. Bibiane alisema magoti yanamuuma, akachepuka akarudi Bagira. Alipita shambani. Akamkuta Venant ameinama, analima kwa mkono mmoja mzima na mwingine uliopinda.

"Venant?"

Jembe likamponyoka. "Pardon, maman. Sikujua utarudia sasa."

"Ni weye ulipanda ile maharagi?"

"Ndiyo, maman."

"Na mimi nilikula." Alisema polepole, kama mtu anayehesabu meno baada ya kuanguka. "Uliua mutoto wangu, sasa uko unanilisha?"

Bibiane alilelewa akijua kwamba aliyemwaga damu ya nyumba yako, huli chakula cha mkono wake mpaka familia mbili zimekaa chini na kulimaliza neno. Venant alilelewa vilevile. Lakini babu yake alimfundisha na jingine: ukiondoa mikono katika nyumba ya mtu, peleka yako. Serikali ilimwambia akae mbali, wazee walimwambia alime. Hakuona njia ya kuwatii wote, akachagua kulima kwa kujificha, wakati mama yuko sokoni.

"Emile angelima," alisema. "Sasa nani atalima?"

"Usitaje ile jina!"

Bibiane alikwenda moja kwa moja hadi ofisi ya zone, akakuta milango imefungwa, wakubwa wote wako kwa mgeni. Godelive alipopata habari alimfuata mbio, akamkuta kizingitini.

"Maman Bibiane, ukisema, batamurudisha gereza. Nakuomba."

"Weye ulijibu amina."

"Ni kweli. Nilikuwa na woga." Godelive alianza kulia. "Nilikosa mbele yako na mbele ya Mungu."

Bibiane alimwacha hapo kizingitini. Alirudi nyumbani, akaitazama sufuria ya maharage aliyoiacha imefunikwa, akalala na njaa. Jumapili hakwenda misa. Alikaa akilitazama jembe ukutani, akatafuta ni nini hasa kinachomchoma. Hakikuwa chakula peke yake. Emile alilima mchana kweupe, akipiga mluzi. Huyu alikuja kwa siri, kana kwamba Emile ni aibu ya kufichwa. Hapo ndipo hasira yake ilipokaa.

Jumatatu walikutana kwenye benchi moja la ofisi ya zone: Bibiane huku, Venant kule, Godelive katikati na rozari yake. Mkubwa wa ofisi aliitwa Citoyen Bashizi, yaani Raia Bashizi, kama serikali ya siku zile ilivyoamuru watu waitane. Majina ya watakatifu yalikuwa yamepigwa marufuku, ingawa mke wake nyumbani alimwita Adalbert na serikali haikuanguka.

"Citoyenne, iko nini?" aliuliza.

Kabla Bibiane hajafungua kinywa, Venant alisimama. "Ni mimi, chef. Nilivunja sharti. Nilikuwa nalima kwa shamba yake."

"Basi unajua kwenye unaenda," alisema Bashizi, akamwita polisi.

Bibiane alikuwa ameisubiri furaha ya saa hiyo. Haikuja. Aliona ule mkono uliopinda ukinyooshwa kupokea pingu.

"Ngoja, chef. Sikumusamehe," alisema. "Pengine sitamusamehe hata siku moja. Lakini mukimufunga, gereza itanilimia? Mutoto wangu alikuwa nalima muchana, batu bote banamuona. Huyu anakuya kama mwizi. Mutoe ile sharti. Akuye muchana, mimi niko pale, nimuone."

"Ile sharti tuliiweka juu ya kukulinda weye, citoyenne."

"Basi ni mimi niko nasema."

Bashizi alijikuna kichwa, akaenda kuuliza kwa wakubwa wa sheria. Walingoja mpaka jua likageuka. Akarudi na jibu: Venant atalima, mradi mama anakubali. Siku mama atakapokataa, atarudi gerezani. Bibiane alitoka pale na maisha ya mtu mkononi mwake, na hakuufurahia mzigo huo.

Alhamisi hakwenda sokoni. Venant alishuka kwa barabara kubwa, mchana, watu wamesimama milangoni wakimtazama. Bibiane alikuwa amelitungua jembe la Emile. Hakumpa mkononi. Aliliweka chini, kati yao.

"Okota," alisema.

Venant aliliokota. Mpini ulikuwa umelainika mahali Emile alipozoea kuushika, na vidole vyake vilipofika hapo alivisogeza juu kidogo. Akaanza kulima. Bibiane aliketi ukingoni mwa shamba, akamtazama mstari kwa mstari, hadi machozi yake mwenyewe yakamzuia kuona.

Saa sita alifunua sufuria ndogo aliyokuja nayo. Yalikuwa maharage ya msimu wa kwanza. Hakumkaribisha Venant, wala hakumgeuzia mgongo. Alichukua kijiko, akala mbele yake, na safari hii alijua ni nani aliyeyapanda.